Mpima Macho na Misheni za Pembeni

Lifti ya jengo la maduka ilikwama Jumamosi saa sita mchana, imejaa watu. Fundi wa lifti alipofika, aliishusha taratibu hadi ghorofa ya tatu, akafungua mlango. Watu tisa walitoka wakisukumana, wanatweta, mmoja analalamika, mwingine anamshukuru Mungu kwa sauti kubwa. Wa kumi hakutoka. Alikuwa ameketi sakafuni, mgongo ukutani, gauni la kijani limemfika vifundoni, viatu vyeupe amevivua na kuviweka kando. Ameshika gemu ya mkononi, na macho hayajainuka.

"Dada, mlango uko wazi," fundi alisema.

"Nimeuona. Nipe dakika mbili, namalizia misheni."

Fundi aliinama, akachungulia skrini. Alikuwa mwanamume wa miaka thelathini na minne, mrefu, ovaroli ya buluu imempauka magotini, uso umetulia kama wa mtu anayesikiliza redio ya jirani.

"Huyo mzee wa mbuzi usimsaidie," alisema. "Ukimpelekea mbuzi, atataka kamba. Ukimpelekea kamba, atataka kengele."

Sasa macho yaliinuka, makubwa na yenye furaha. "Kumbe unaicheza?"

"Nimeimaliza mara mbili."

"Na mzee je?"

"Nilimwacha na shida zake."

"Wewe! Una roho ngumu!" Alicheka mpaka akajigonga kisogo ukutani. "Kengele ndiyo yenyewe. Ukimletea, anamfunga mbuzi shingoni, halafu mke wake anatoka ndani anapapasa ukuta. Haoni. Kengele ni yake yeye, ajue mbuzi walipo. Mara mbili zote hukujua?"

"Sikujua," fundi alisema. Akampa mkono kumwinua.

Dada huyo alikuwa mpima macho. Duka lake la miwani lilikuwa ghorofa ya nne ya jengo hilohilo, na kila Jumapili alasiri alirekodi kipindi cha mtandaoni kilichosikilizwa na watu elfu tatu hivi. Kilihusu kitu kimoja tu: gemu za dunia pana, zile ambazo mchezaji anazurura atakako, na hasa misheni zake za pembeni, vile vibarua vidogo nje ya hadithi kuu. Hakujali joka, mfalme wala vita ya mwisho. Alijali mjane anayetafuta barua, mwashi anayegombana na kaka yake, mtoto aliyepoteza mbwa. Alizichukua gemu mbili mbili, akazilinganisha na kuzipa alama.

"Nina maswali mawili," alimweleza fundi wiki iliyofuata, wakinywa chai kwenye kimgahawa cha chini. "La kwanza, yule mtu alikuwa na maisha yake kabla sijafika, au alisimama tu njiani ananisubiri? La pili, nikirudi kesho, kuna kilichobadilika?"

"Ongeza la tatu," fundi alisema.

"Lete, mwalimu."

"Naruhusiwa kukataa?"

Mpima macho aliweka kikombe chini, akamtazama vizuri. "Jumapili unafanya nini?"

Hivyo ndivyo fundi alivyoingia kwenye kipindi. Walirekodi sebuleni kwa mpima macho, mapazia yamefungwa na blanketi limetundikwa mlangoni kuzuia kelele za ngazi. Mpima macho alipaza sauti, akaishusha, akapiga meza. Fundi alijibu kwa sauti moja, kavu, bila haraka.

"Gemu ya nchi ya barafu," mpima macho alisema siku moja, "ina misheni mia mbili za pembeni. Gemu ya mji wa mashine ina thelathini. Ipi bora?"

"Ya thelathini."

"Kwa nini?"

"Ile ya mia mbili, mia moja na tisini ni kutumwa. Niletee ngozi, niletee mitishamba. Ya thelathini, kuna yule mama wa kiwandani. Unafika umechelewa, hakuna cha kufanya. Unakaa naye, basi."

"Na wewe ulijisikiaje?"

"Sikujisikia chochote."

Wasikilizaji walimpenda, wakadhani ni utani. Haukuwa utani. Mama yake aliugua miaka mitatu, naye ndiye aliyemhudumia nyumbani, kwa kuwa dada yake alikuwa ameolewa mbali na ana watoto wadogo. Mama alipofariki, fundi alishughulikia kila kitu mwenyewe, watu wakamsifu kwa ujasiri. Kumbe haukuwa ujasiri. Alikuwa amekufa ganzi. Mguu ukiulalia unapata ganzi, ukiutikisa unaamka. Yeye alipata ganzi mwili mzima na roho, na mwaka mmoja na nusu ulikuwa umepita bila kuamka. Chakula alikula kwa sababu saa imefika. Kazini alifika mapema. Jioni alicheza gemu mpaka usingizi umkute.

Mpima macho hakuyajua hayo. Alijua kwamba fundi hakosi, hachelewi, anamsikiliza mpaka mwisho wa sentensi. Akaanza kumpigia simu mchana.

"Umekula, fundi wangu?"

"Nimekula."

"Umekula nini?"

"Sikumbuki."

"Basi hujala. Panda huku ghorofa ya nne, nina chakula cha watu wawili. Na ukinawa, uoshe na hiyo grisi ya kwenye kiwiko, mpenzi, nimeiona tangu jana."

Fundi alipanda. Kila siku alipanda.

Jumapili moja ya mwezi wa nne, walipomaliza kurekodi, walisimama kwenye kibaraza. Jua lilikuwa bado kali, nguo za majirani zimeanikwa mpaka ghorofa ya juu. Mpima macho alikuwa amevaa blauzi nyeupe, nywele amezibana nyuma kwa kalamu.

"Nakupenda, wewe mtu," alisema.

"Asante," fundi alisema.

Mpima macho akacheka kidogo. Akasubiri. Kisha cheko likamwisha usoni, akatoa kalamu kichwani na kuingia ndani kukunja blanketi.

Simu za mchana zikapungua, zikakoma. Jumapili iliyofuata alirekodi peke yake. Fundi alikisikiliza kipindi juu kabisa ya jengo, kwenye chumba cha mashine, kamba za chuma zikipita mbele yake zikipanda na kushuka.

"Kuna misheni," sauti ya mpima macho ilisema, "unamletea mtu kila kitu, mpaka viatu vinaisha soli. Naye anakujibu neno moja, neno lilelile. Wapo wanaosema ndio ubora wake, kwamba imeandikwa kwa ustadi. Mimi nimechoka kuicheza."

Fundi aliirudisha nyuma, akaisikiliza tena. Alijua anasemwa yeye. Alingoja iumize. Haikuuma.

Dada yake alimpigia siku ya tatu, mchana, watoto wakipiga kelele nyuma yake.

"Yule wifi yangu wa kwenye kipindi mbona yuko peke yake?"

Fundi akamweleza.

"Amekuambia anakupenda, ukamwambia asante?"

"Ndiyo."

"Asante kama umepewa risiti dukani? Mdogo wangu, una akili timamu kweli?" Akawafokea watoto wanyamaze, kisha akarudi kwa sauti ya chini. "Huoni uchungu?"

"Sioni kitu, dada. Tangu mama."

"Mbona hukuwahi kuniambia?" dada aliuliza.

"Ulikuwa unalia wewe. Mtu mmoja alitosha."

"Basi kamwambie yeye. Hivyohivyo ulivyo. Usiende kumtungia maneno matamu, hayakukai."

Ilimchukua zaidi ya wiki mbili. Siku aliyokwenda, hakupiga simu. Aliandikisha miadi ya kupimwa macho kama mteja yeyote, akavaa shati lililopigwa pasi. Mpima macho, ndani ya koti lake jeupe, aliliangalia jina kwenye karatasi, akamwangalia yeye.

"Keti," alisema. "Weka kidevu hapa. Usitikisike."

Akazima taa, akamteremshia chombo cha lenzi usoni. "Hii, au hii?"

"Ya pili."

"Sasa? Hii, au hii?"

"Zote sawa."

"Hakuna zote sawa. Angalia tena."

"Siku ya mazishi ya mama nilihesabu viti," fundi alisema, kidevu bado kipo mahali pake. "Vilikuwa themanini. Mpaka leo najua vilikuwa themanini, lakini sijui nilijisikiaje."

Mkono wa mpima macho ulisimama kwenye lenzi.

"Nilimhudumia miaka mitatu. Maji, mto, fungua dirisha, funga dirisha. Kuna asubuhi nilimwomba Mungu anipumzishe. Baada ya siku mbili akanipumzisha. Tangu hapo sisikii kitu. Si wewe tu, kitu chochote."

"Kwa hiyo hunipendi."

"Sijui kupenda kunajisikiaje sasa hivi, nisikudanganye. Ila wiki hizi tatu nimekuja kukagua lifti ya jengo lenu mara kumi na moja, na haijaharibika hata mara moja."

Mpima macho alitoa sauti isiyojulikana kama ni kicheko au kilio. Akakisukuma chombo pembeni, wakabaki wanatazamana bila kioo katikati.

"Mbona hukuniambia mapema?"

"Ulikuwa unafurahi. Sikutaka kukuharibia."

"Fundi, kazi yangu ni watu wasioona vizuri. Siwafukuzi." Akajifuta jicho kwa upande wa kiganja. "Chumba chake kikoje sasa?"

"Kimefungwa. Kitanda bado kipo."

"Jumapili nakuja tukifungue."

"Jumapili tunarekodi."

"Wasikilizaji watasubiri."

Alikuja asubuhi, amevaa suruali kuukuu na kitambaa kichwani. Wakafungua madirisha, wakatoa godoro. Kitanda kilikuwa kile cha chuma, cha mgonjwa, chenye mpini wa kuinulia kichwa. Fundi alizilegeza nati moja baada ya nyingine, haraka, kama anavyofanya kazini. Ya mwisho ilikuwa imeshika kutu. Mpima macho alikamata fremu, fundi akavuta kwa nguvu zote. Spana ikateleza, na vifundo vya vidole vyake vikachunika kwenye chuma.

"Inauma?"

Alifungua mdomo kusema hapana.

"Inauma," alisema. Akautazama mkono kwa mshangao, damu ikimtiririka hadi kwenye kiganja. "Inauma sana." Akaketi sakafuni pale pale, na kifua kikaanza kumtikisika, na kilio kikamtoka kikubwa, kibaya, cha mtu aliyesahau namna ya kulia. Mpima macho hakumwambia nyamaza. Aliketi karibu naye, akauzungushia mkono ule kitambaa alichokivua kichwani, akaushika mpaka mwisho.

Baadaye sana, chumba kikiwa kitupu na jua limejaa sakafuni, fundi alisema, "Ungependa kukaa hapa?"

"Kama mgeni?"

"Kama mke wangu."

"Ni wewe unayesema, au ni maumivu?"

"Wote wawili."

Mpima macho alikaza fundo la kitambaa. "Basi uniulize tena mkono ukipona."

Fundi hakuweza kungoja. Alimuuliza tena siku ya nne, kwenye simu, mchana, kidonda kikiwa bado kibichi, naye akaambiwa ndiyo.