Mashine Iliyosema Rudia

Yule fundi mkerezaji walimwita Kasoro, na jina hilo hakupewa bure. Ukimletea chai, imechemka kupita kiasi. Ukimsalimu kwa heshima, atataka kujua umekosa nini. Chuma kilichochongwa na fundi mwingine alikitazama kama mtu aliyeletewa panya aliyekufa kwenye sahani.

Siku hiyo ilikuwa siku kama nyingine, jua kali na vumbi. Alitoka na dada yake kutafuta mashine ya kukereza iliyotumika, ile inayozungusha chuma ili kisu kikichonge. Dada alikuwa mchomeleaji, na karakana waliirithi pamoja kwa baba yao. Mashine ya zamani ilikuwa imechoka. Ikikata hesi, yale mapindo ya bolti yanayoshika nati, nati huingia nusu ikakwama. Wenye pampu za maji walishaanza kupeleka kazi kwingine.

Mashine ya kwanza ilikuwa kwa dalali mmoja mwenye maneno mengi. Iling'aa rangi ya kijani, bado mbichi.

"Hii ni kama mpya, fundi wangu," dalali alisema.

Kasoro akasonya. Alipitisha kiganja juu ya reli zinazopitiwa na kisu, na karibu na taya zinazokamata chuma akakuta bonde. Ndipo mashine hulika, mahali inapofanya kazi kila siku, na hapo rangi haisaidii kitu.

"Umempaka ajuza poda ukasema bibi harusi," akamjibu, na kuondoka bila kuaga.

Ya pili haikuwa na nusu ya gia zake. Bila gia za kubadilisha, mashine hukata hesi za saizi moja tu mpaka mwisho wa dunia. "Nikiinunua hii nitaanikia nguo," Kasoro alisema. Dada yake akacheka. Akamgeukia. "Unacheka nini na wewe? Mabomba yako yenyewe yanavuja kama chujio."

Dada alishazoea.

Ya tatu ilikuwa nyuma ya nyumba ya mjane mmoja, ndani ya banda la mabati. Ilikuwa ya kijivu, haijapakwa chochote, imefunikwa shuka jeupe. Mjane alilivuta shuka kwa mkono mmoja, akasimama mbali. Reli zilikuwa zinang'aa kwa oili mbichi.

"Nani anaipaka oili, mama?" dada aliuliza.

"Hakuna," mjane alisema. "Tangu afe sijaingia humu."

Kasoro hakusikia, au hakutaka kusikia. Alikuwa ameinama. Reli hazikuwa na bonde. Aliisukuma na kuivuta ile skrubu ndefu inayokokota kisu, haikucheza hata kidogo. Gia zote zilining'inia ukutani, kubwa hadi ndogo. Akafunga kipande cha nondo, akakata hesi ya kujaribia, akaweka nati juu yake. Nati ikashuka yenyewe, inazunguka taratibu, bila kuguswa.

Hakupata cha kulalamikia, na jambo hilo lilimkera. Ilibidi aseme kitu.

"Marehemu alibahatika kupata mashine nzuri," alisema kwa sauti. "Ufundi wake wenyewe sijui."

Mjane alimsogelea. "Usimseme humu ndani."

"Ananisikia?"

"Ichukue, mwanangu. Ila akikwambia rudia, usirudie."

Kasoro alimpandisha na kumshusha kwa macho. Njiani alimwambia dada yake kwamba mwanamke akikaa peke yake muda mrefu huanza kuongea na mabati.

Waliinunua, na kazi yake ya kwanza karakanani ilikuwa bolti ya pampu. Mashine ililia vizuri, sauti moja, tulivu. Kisu kilipofika mwisho wa safari yake, kitu kikasema kutoka chini kwenye gia.

"Mbaya."

Kasoro alizima. Dada yake alikuwa kwa mbali, uso ndani ya kinyago, cheche zikimrukia. Ni bearingi inalia, Kasoro alijiambia. Akajaribu nati. Iliingia vizuri. Akaiweka bolti pembeni, akaanza nyingine.

"Mbaya. Rudia."

Ilikuwa sauti ya mzee. Kavu, iliyochoka na watu, ya mtu ambaye hajawahi kumsifu yeyote. Kasoro aliitambua mara moja. Alikuwa anaitumia mwenyewe kila siku.

Mtu mwingine angetimua mbio. Kasoro alikasirika. "Mbaya wapi?" alinong'ona. Akachukua kipimo, akapekua hesi pindo kwa pindo. Na hicho ndicho kilichommaliza: kosa alilikuta. Dogo, la unywele. Lakini lilikuwepo.

Akarudia.

Kurudia ni kula chuma. Bolti ikawa nene kama kidole, ikawa kama penseli, ikawa kama msumari. Kila mara mzee alikuwa na neno lilelile. Kila mara Kasoro aliliona kosa.

Akaacha kula. Shati likawa linamning'inia kama limetundikwa. Vinyuzi vya chuma vikajaa hadi kwenye vifundo vya miguu yake, naye hakuvifagia. Kilichomtisha dada yake zaidi ni kwamba Kasoro aliacha kudharau watu. Siku moja dada alichomelea bomba vibaya makusudi, mshono umevimba kama kidonda, akamwekea mbele.

"Nzuri hiyo, dada," Kasoro alisema, macho kwenye mashine.

Dada alitoka nje, akatapika.

Mchana wa siku ya pili yake, watu wakipita barabarani wakicheka, dada alikwenda kwenye swichi kubwa akaivuta chini. Feni ikafa. Redio ikafa.

Mashine iliendelea kuzunguka.

Kwenye taya hapakuwa na chuma. Chuma kilikwisha. Kasoro alikuwa ameinama, mikono mbele, anaisogeza polepole kwenye taya.

"Narudia, mzee," alikuwa anasema. "Narudia."

Dada alimdaka kiunoni akamvuta. Alikuwa mwepesi kama gunia tupu. Akamfungia stoo, akakimbia kwa mjane.

Mjane alikuja na kandambili, mikono bado ina povu la sabuni. Mashine ilikuwa inazunguka tu.

"Mama, mwombe atoke," dada alinong'ona.

Mjane hakunong'ona. Alisimama mbele ya mashine, akaitazama juu mpaka chini, akabetua midomo.

"Wewe. Nilipika, mbaya. Nilizaa, mbaya. Nilikuuguza, mbaya. Sasa sikia nililolinyamazia. Ulikuwa fundi wa kawaida."

Taya zikapunguza mwendo.

"Wa kawaida sana. Wenzako walikucheka ukiwapa mgongo. Waliokuzika walirudi wanazungumzia mpira."

Taya zikazunguka kwa kusitasita.

"Huna lolote."

Akasonya. Msonyo mrefu, wa miaka mingi. Mashine ikasimama. Ndani yake kitu kikavuta pumzi, kama mzee anayetaka kulia mbele za watu. Hakikulia.

"Laiti ningeyasema akiwa hai," mjane alisema, akafuta mikono kwenye kitenge chake, akaenda zake kumalizia kufua.

Mashine waliikata kwa gesi ikaondoka kama chuma chakavu. Kasoro akarudi kula, mwili ukarudi. Asubuhi moja alipotazama kazi ya dada yake akaiita takataka, dada alishusha kinyago ili asionekane anavyolia kwa furaha.

Halafu siku moja Kasoro alikwenda kusajili laini ya simu. Binti wa dukani akamwomba aweke kidole gumba kwenye kioo. Kikakataa. Akafuta kioo. Kidole kingine. Kikakataa. Wakajaribu vyote kumi. Binti akamwita mkubwa wake, wote wawili wakainamia skrini, wakanyanyua macho kumtazama usoni.

"Kimashine chenu kibovu," Kasoro alisema.

Binti akamgeuzia skrini. Hapakuwa na duara wala kizingo kama cha watu wengine. Palikuwa na mistari. Myembamba, iliyonyooka, yenye nafasi sawa, yote imelalia upande mmoja kama hesi.

"Mzee," binti alinong'ona, "nani alikukata hivi?"

Nyumbani alijifungia bafuni, akavisugua vidole kwa jiwe la kusugulia miguu mpaka vikatoa damu. Vilichukua muda kupona. Ngozi mpya ilipoota, mistari ilikuwepo.

Safari hii ilikuwa myembamba zaidi.