Maziwa ya Mheshimiwa

Katika chumba cha kufulia nguo cha hoteli, asubuhi huja na mvuke. Mvuke hupanda kutoka kwenye mashine, ukajaza chumba chote. Mashuka meupe kwenye kamba huonekana kama yanaelea yenyewe. Dobi aliupenda mvuke huo. Ndani yake, mikono yake ilifanya kazi hapa, na akili yake ikaenda nyumbani.

Nyumbani kulikuwa na mwanawe wa miezi minne. Jina zuri alipewa, lakini nani analitumia? Baba yake, fundi baiskeli, alimbandika jina la Mheshimiwa, kwa sababu akifungua mdomo, nyumba nzima husimama. Sasa likizo ya uzazi ilikuwa imekwisha. Mheshimiwa alishinda na bibi yake, mama wa fundi baiskeli. Dobi alirudi kazini shingo upande.

Alikuwa na pampu ndogo ya mkono ya kukamulia maziwa. Lakini hakuitumia mapema. Asubuhi matiti yalipoanza kujaa, alijikaza kisabuni, akaendelea kukunja mashuka. Alijiambia kwamba mashine ya kufulia haiwashwi ikiwa na shuka moja. Inangojwa ijae. Basi na yeye alingoja. Alasiri, matiti yakiwa magumu na yanauma, alijifungia kwenye stoo ya mashuka. Akakamua huku ameikodolea macho chupa. Tone. Tone. Kisha kimya.

Mwanzoni alipata chupa nzima. Wiki iliyofuata akapata nusu. Sasa maziwa yalifunika chini ya chupa tu.

Jioni moja alimkuta bibi mlangoni, amempakata Mheshimiwa aliyelia mpaka sauti imemkauka.

"Maziwa yaliisha mchana, mwanangu," bibi alisema. "Nimemwimbia mpaka nyimbo zimeniishia. Tununue ya kopo tu. Yako yanakauka, na yakianza kukauka ndiyo basi."

Dobi alimpokea mtoto bila kuvua viatu, akamnyonyesha. Machozi yalimdondoka kwenye utosi wa mwanawe. Hakutaka kuacha kunyonyesha. Mtoto alikuwa mdogo bado, na maziwa ya mama yangemtosha kwa kila kitu, kama yangepatikana. Aliogopa sana.

Siku ya mapumziko alikuwa anaanika nguo nyuma ya nyumba. Jirani yake wa mlango wa pili, nesi wa kliniki ya watoto, alikuwa anaanika pia. Upepo ulizijaza nguo, zikapanda na kushuka polepole.

"Jirani, macho hayo vipi?" nesi aliuliza. "Sabuni imekuingia?"

Dobi alicheka kidogo, kisha akalia. Alieleza yote.

"Kazini unakamua mara ngapi?"

"Mara moja. Nangoja yajae vizuri."

Nesi aliweka beseni chini. "Hapo ndipo unapojikosesha, dada. Wewe si mashine ya kufulia. Titi likikaa limejaa muda mrefu, mwili unadhani mtoto hayataki. Unapunguza kutengeneza. Ukiyatoa, mwili unasema, kumbe yanahitajika, tuongeze."

"Hata nikipata kidogo?"

"Hata kidogo. Kamua kila baada ya saa tatu hivi, kama vile Mheshimiwa angenyonya ukiwa naye. Na ukirudi nyumbani, mnyonyeshe kila anapotaka, usiku pia."

"Na msimamizi wangu je? Atanielewa?"

"Mwambie waziwazi. Asipojua shida yako, atakusaidiaje? Na nikuulize kitu kingine. Ukikamua, unaangalia wapi?"

"Naangalia chupa. Naichunga kama polisi."

Nesi alicheka mpaka akashika kamba ya nguo. "Sasa nani atashuka mbele ya polisi? Ukiwa na wasiwasi, maziwa yanagoma kushuka hata kama yapo. Ifunike chupa kwa soksi safi. Weka taulo la uvuguvugu kwenye matiti. Mataulo wewe huna shida nayo! Yapapase taratibu kwa duara, kuelekea kwenye chuchu. Pampu isiume. Ikiuma, punguza nguvu. Chukua nguo aliyolalia mtoto, uinuse. Fumba macho, umfikirie."

"Kwa hiyo niote ndoto kazini?"

"Ota, dada yangu. Ota kabisa."

Kesho yake dobi alipiga moyo konde, akaenda kwa msimamizi. Alieleza shida yake yote. Msimamizi alikuwa mtu wa maneno machache. Alitazama rundo la mashuka, akamtazama dobi.

"Stoo ina komeo kwa ndani," alisema. "Nenda kila unapohitaji. Mashuka yatakungoja, yataenda wapi?"

Dobi alinawa mikono kwa sabuni. Alichukua taulo lenye uvuguvugu, akafunga komeo. Stoo ilinukia nguo safi. Aliketi katikati ya mashuka yaliyopangwa mpaka juu, meupe pande zote. Akaifunika chupa kwa soksi. Akaiweka fulana ya Mheshimiwa chini ya pua yake, akafumba macho.

Mngurumo wa mashine ukasogea mbali. Harufu ya mtoto ikaja karibu. Alimwona Mheshimiwa amelala kifuani pake, ngumi ndogo imefunguka, vidole vimetanda. Alimsikia akimeza. Akaona kama wote wawili wamelala juu ya shuka moja kubwa lililojaa upepo, linapanda na kushuka, na hakuna wa kuwaharakisha. Matiti yakamchoma kidogo, kama sindano nyingi laini. Maziwa yalikuwa yanashuka. Hakutazama. Aliendelea kuota tu, na mikono ikaendelea na kazi.

Siku hiyo hayakuwa mengi. Siku ya pili nayo aliona kidogo, akataka kukata tamaa. Lakini hakuruka zamu ya kukamua hata moja. Aliyaweka maziwa kwenye friji ya jiko la hoteli, katika chupa yenye kifuniko. Jioni aliyabeba katika mfuko wenye barafu. Nyumbani, fundi baiskeli aliosha vipande vya pampu kwa sabuni, kisha akavichemsha.

"Pampu ni pampu," alijigamba. "Mimi ndiye fundi."

Kadiri siku zilivyokwenda, ndivyo chupa ilivyozidi kuwa nzito mkononi. Bibi naye alijifunza kwa nesi. Hakuyachemsha maziwa tena kama alivyozoea. Aliiweka chupa ndani ya bakuli la maji ya uvuguvugu, kisha akamnywesha mjukuu kwa kikombe kidogo, taratibu, akimpa nafasi ya kupumua.

Jioni moja dobi alirudi, akakuta nyumba kimya. Akaharakisha kuingia ndani. Bibi alikuwa ameketi na Mheshimiwa mapajani, mtoto macho kodo, anachezea vifungo vya gauni.

"Ameshiba," bibi alisema. "Na mengine yamebaki kwenye friji."

Dobi aliketi karibu naye, akamnyonyesha mwanawe. Mtoto alimeza kwa sauti, huku ameshikilia kidole cha mama yake. Bibi alisikiliza.

"Nilipomzaa mumeo nilirudi kiwandani," alisema polepole. "Nilikuwa nangoja mpaka jioni. Yakakauka. Nikasema mwili wangu ni mbovu. Miaka yote hii, mwanangu, nimeamini mwili wangu ni mbovu."

Dobi aliushika mkono wa mama mkwe wake.

"Haukuwa mbovu, mama. Hakuna aliyekwambia tu."

Bibi alifuta macho kwa upindo wa kanga. Kisha akanyoosha mikono. "Nipe nimbebe."

"Bado ananyonya, mama."

"Haya," bibi alisema, akajiegemeza ukutani akitabasamu. "Mwache ashibe. Nitangoja."