Simu Kwenye Kisanduku cha Mkate

Harless Maynor aliamka mapema kama kawaida yake, akakaa barazani na kahawa. Mgongo haukumruhusu kulala sana. Mwamba ulimwangukia mgodini, na tangu siku hiyo hakubeba kitu kizito kuliko birika. Alikuwa amechimba makaa ya mawe tangu hajaota ndevu. Sasa alikaa tu na kutazama barabara ya bondeni.

Barabara ile haikuwa na wapitaji. Mgodi ulipofungwa, vijana walifunga mizigo wakaenda kusini. Tamra, mtoto wao wa pekee, aliondoka pia. Alikuwa akifua mashuka ya hospitali katika jiji la Charlotte. Kila Jumapili mchana alipiga simu nyumbani, na baba yake alikuwa akikaa karibu na simu tangu watoke kanisani.

Hiyo ilikuwa zamani. Sasa Harless alikuwa ameichomoa simu ukutani, akaifunga kwa taulo, akaiweka ndani ya kisanduku cha mkate.

"Na mkate tuuweke wapi?" mkewe, Lovetta, alimuuliza siku ile.

"Mkate gani?" akajibu Harless.

Lovetta alicheka kidogo. Kisha akaacha, kwa sababu ni kweli, mkate haukuwepo.

Mambo yalianza hivi. Harless alipoumia, aliomba malipo ya ulemavu serikalini. Majibu yalichelewa karibu miaka miwili. Miaka hiyo waliishi kwa kadi ya mkopo. Mafuta ya gari ya kwenda kwa daktari, kadi. Gesi ya kupasha nyumba moto, kadi. Unga, maharage, dawa, kadi. Malipo yalipokuja hatimaye, yalikuwa madogo, na deni lilikuwa limeshanenepa kwa riba.

Benki iliwapa deni hilo wakusanya madeni. Hao walipiga simu asubuhi, mchana na jioni. Mmoja alimwambia Harless, "Usipolipa, tutachukua hizo pesa zako za ulemavu. Utakula nini, mzee?"

Harless akaogopa. Kila mwezi, siku ile ile pesa zilipoingia benki, aliendesha gari hadi posta akawatumia fungu lao kwanza. Ndivyo alivyolelewa. Watu wa bonde lile hulipa kwanza, hula baadaye. Kilichobaki hakikutosha. Lovetta alianza kukata vidonge vyake vya shinikizo la damu nusu nusu. Walikata huduma ya kupiga simu za mbali, wakabaki na ya kupokea tu. Simu za mkononi hazishiki mtandao katika bonde lile. Na wale watu waliendelea kupiga vilevile. Ndipo Harless alipoichomoa simu.

Wakati wa Krismasi Lovetta alimwandikia Tamra barua. Alisema simu imeharibika. Tamra alijibu kwa mistari miwili: "Mama, nikipiga inaita. Simu mbovu haiiti." Hawakujua kwamba hata simu ikichomolewa, anayepiga husikia ikiita.

Baada ya hapo Tamra hakuandika tena.

Majira ya kuchipua yalifika, na vitunguu mwitu vikaota milimani. Kila mwaka kituo cha zimamoto cha mjini hupika na kuuza chakula cha vitunguu hivyo ili kununua vifaa. Watu wote huenda. Vinanuka kinywani siku tatu, na shuleni mwalimu hufungua madirisha. Harless hakutaka kwenda, lakini Lovetta alimwambia, "Kusafisha vitunguu ni kazi ya kukaa. Mgongo si kisingizio."

Wakapewa meza moja na mwanamke mwenye nywele fupi, kisu mkononi, matope hadi viwikoni. Alikuwa Corinne, binti wa Arvil Stiltner, aliyechimba makaa pamoja na Harless.

"Nasikia umekuwa wakili," alisema Harless.

"Ndiyo, mzee wangu. Wa ofisi ya msaada wa sheria. Sisi hatulipishi."

"Wakili asiyelipisha na ananuka kitunguu. Baba yako angefurahi."

"Baba angeniambia nakata vibaya." Corinne akatupa mizizi kwenye ndoo. "Tamra hajambo? Alikuwa akinipiga mateke ya magotini uwanjani kila tulipocheza mpira."

Harless aliinamia vitunguu vyake. Lovetta alitazama kisu chake. Mwishowe akasema, "Hatujui kama hajambo."

Kisha akaeleza yote. Harless alimkatiza mara moja. "Mama Tamra, mambo ya nyumbani hayo." Lovetta hakunyamaza. Alieleza kuhusu kadi, vitisho, posta, vidonge na kisanduku cha mkate.

Corinne aliweka kisu chini. "Mzee, una pesa nyingine yoyote? Pensheni? Kazi ya pembeni?"

"Sina. Ni hiyo ya ulemavu tu. Na nyumba ni ya kupanga."

"Inaingia benki moja kwa moja kutoka serikalini?"

"Ndiyo."

"Basi sikiliza. Yule aliyekuambia atachukua pesa hiyo alikudanganya. Sheria ya nchi inailinda. Anayedai deni la kadi hawezi kuigusa, hata akikushtaki na kushinda. Serikali yenyewe inaweza kukata ukiwa na deni la kodi yake, au la matunzo ya mtoto. Mdai wa kadi hawezi."

Harless alisimamisha mikono. "Hata akishinda?"

"Hata akishinda. Ila usichanganye. Pesa ya ulemavu ikae kwenye akaunti yake peke yake. Ukiweka nyingine humo, itakuwa tabu kueleza ipi ni ipi."

"Wataniweka ndani?"

"Hakuna jela ya deni la kadi."

Harless alichukua kitunguu kingine, akakizungusha vidoleni bila kukisafisha. "Lakini nilikula kwa kadi ile, Corinne. Mimi si mwizi. Nilichokula nakilipa."

"Sijasema deni si lako. Ukipata pesa nyingine siku moja, na moyo wako unataka, lipa. Pesa hii umepewa ya chakula, dawa na paa. Mkeo anakata vidonge ili mtu wa mbali apate riba. Hiyo ndiyo heshima unayoitaka?"

Lovetta akasema, "Mimi nimemwambia hivyo tangu Krismasi, ila sikuwa wakili."

"Hizo simu je?" Harless aliuliza.

"Mkusanya madeni ukimwandikia aache kukupigia, sheria inamlazimu aache. Njoo ofisini Jumatatu, tutaiandika barua pamoja na kuituma kwa rejista ya posta. Kabla haijafika, wakipiga, usibishane. Waambie pesa yako ni ya ulemavu na barua iko njiani. Usiwape namba ya akaunti. Usiahidi hata senti, maana deni la zamani hupata nguvu mpya mahakamani ukilipa kidogo. Na mtu akitaka umlipe kwanza ndiyo akufutie deni, mkimbie."

"Na wakinishtaki kweli?"

"Wanaweza. Karatasi ya mahakama ikija, niletee siku hiyohiyo. Tutaijibu. Hiyo usiiweke kwenye kisanduku cha mkate."

Kwa mara ya kwanza mwaka ule Harless alicheka, na mgongo ukamuuma.

Corinne alijifuta mikono, akatoa simu yake mfukoni. Hapo mjini mtandao ulikuwepo. "Namba ya Tamra unaikumbuka?"

Harless aliikumbuka. Alikuwa akiisema kimoyomoyo kila Jumapili. Simu iliita kwa muda, kisha sauti ya mashine ikamwambia aache ujumbe. Harless alitazama ukuta, akasema polepole, "Ni baba. Simu haikuharibika. Niliichomoa kwa sababu ya watu wa madeni. Niliona aibu. Kesho naichomeka. Piga Jumapili ijayo."

Aliichomeka kweli. Jumatatu wakaenda ofisini, barua ikatumwa. Alhamisi simu ikaita. Harless alijipa moyo, akainua.

"Mzee Maynor, mwezi huu hatujaona kitu chako," ilisema sauti.

"Na hutakiona. Hiyo ni pesa ya ulemavu, na barua iko njiani. Siku njema." Akaweka chini.

"Umemtakia siku njema?" Lovetta aliuliza.

"Sikujua la kusema."

Jumapili hiyo walitoka kanisani moja kwa moja hadi nyumbani. Harless alikaa kwenye kiti chake cha zamani. Saa ile ya kawaida ikafika, ikapita. Lovetta akaosha vyombo, kisha akavirudia vile vilivyokuwa safi. Jua lilishaanza kuondoka upande huu wa mlima simu ilipoita.

Harless aliinua. Hakusikia sauti, ila pumzi tu.

"Tamra?"

"Nilikuwa nahesabu itaita mara ngapi," alisema Tamra. "Nilizoea iite hadi nikate mwenyewe." Kisha akalia, na baba yake akamsubiri.

Barua ilipofika, simu za madeni zilikoma. Pesa ya mwezi uliofuata ilikwenda kwenye dawa kwanza. Lovetta akameza vidonge vizima. Deni bado lipo kwenye vitabu vya watu, na huenda siku moja wakamwita Harless mahakamani. Karatasi ikija, anajua mlango wa kubisha.

Mwisho wa Mei, siku ya kupamba makaburi, Tamra alikuja. Walipanda mlima wakiwa na maua hadi kaburini kwa bibi yake. Harless alipanda taratibu, akapumzika kila kona, na Tamra alipumzika naye. Tamra alikaa siku mbili katika chumba chake cha zamani. Kisha akaondoka, kazi ilimngoja.

Bondeni kuna desturi ya tangu simu za mbali zilipokuwa ghali. Mtu akisafiri, akifika salama hupiga nyumbani, anaacha iite mara mbili, anakata. Hakuna anayeinua, na hakuna anayelipa.

Jioni ile Harless na Lovetta walikaa jikoni. Kisanduku cha mkate kilikuwa wazi, na mkate ulikuwemo. Simu ikaita mara moja. Mkono wa Harless ukanyanyuka wenyewe, Lovetta akaushika. Ikaita mara ya pili. Ikanyamaza.

"Amefika," alisema Harless.

Wakaendelea kuitazama simu.