Pipa la Alizeti Pori

Pipa la mbolea la Twalib halikunuka. Balaa lilianzia hapo, na anayebisha hajawahi kukaa jirani na mbolea ya alizeti pori. Mimi nimeinusa kuanzia Matwebe hadi Masoko, pua yangu haina mpinzani wilaya nzima. Unakata yale majani machungu na maua yake ya njano, unaloweka kwenye pipa la maji, unafunika, na siku ya tano hata mbwa anabadilisha njia. La Twalib, fundi cherehani wa Bulyaga, siku ya kumi lilinukia maziwa. Maziwa ya mama, ya vuguvugu.

Kilichonuka kilikuwa ndani ya nyumba. Mkewe, Siham, alikuwa na kichanga cha wiki tatu, na kila akikipa ziwa kinageuza uso na kutapika ute wa kijani. Siham akajikamulia kiganjani. Maziwa yakatoka yakivutika kama kamasi, na vipande vya majani yaliyooza ndani yake.

"Onja," akamwambia mumewe.

"Nionje nini tena?"

"Onja, Twalib! Mwanao siku ya pili hii hajameza kitu. Ya kopo anatapika. Zahanati wanasema mzima, mzima gani huyu?"

Twalib akaonja. Alitapikia kizingitini, hakufika nje.

Wakamwita jirani yao, Bibi Atuganile, mkunga wa Kinyakyusa aliyemzalisha Siham mle mle chumbani gari lilipochelewa. Bibi hakumgusa mtoto. Alinusa, akatoka nyuma ya nyumba mvuani, akasimama palipokuwa na kichaka cha alizeti pori. Palibaki shimo.

"Nani kang'oa hapa?"

"Mimi, Bibi." Twalib alijibu kwa maringo kidogo. "Wenzangu wanakata majani tu. Mimi nimetia pipani na mizizi na udongo wake, mbolea iwe kali."

"Ee Kyala, Mungu wangu! Hapa nilizika kondo la mwanao."

"Sasa mbona hamkuniambia?"

"Mwanamume anaambiwa habari za kondo tangu lini?"

Siham alikuwa ameshika mwimo wa mlango. Bibi akashusha sauti. "Kondo ni pacha wa mtoto. Limeoza vibaya, jini la uchafu limelivaa. Sasa linanyonya lenyewe kwanza, mwanenu anaachiwa makapi. Aliyeng'oa ndiye atakayetoa, mikono mitupu, sasa hivi. Huyu mtoto kesho haifiki."

Twalib akakunja shati, akafunua pipa, na ile harufu tamu ya maziwa ikampanda puani mpaka kooni, akapitisha mkono kwenye povu la njano lililokuwa likipumua juu juu, ukazama kiwiko, ukazama bega, shavu lake likagusa utando na funza wakamtambaa sikioni, na chini kule, katikati ya mizizi iliyolegea kama nywele za maiti, kitu laini, cha moto, kisicho na meno, kikafumbata kidole chake kikaanza kuvuta taratibu, kama mtoto mwenye njaa.

"Bibi, kinaninyonya!"

"Nyamaza. Vuta!"

Akavuta. Yakatoka mawili.

Bibi alirudi nyuma hatua moja. "Nilizika moja," akanong'ona.

Yalikuwa sawa, mapande mawili meusi yanayochuruzika, kila moja na kitovu chake. Siham hakuuliza mtu. Alichuchumaa matopeni, akakamua tone juu ya hili, tone juu ya lile. La kwanza lililala kama nyama ya jana. La pili likatetemeka, likafunua kijipasuo, likalamba.

"Hilo lililolala ndilo letu, hilo linalolamba ni jini," Bibi akasema, akalizika kwa mikono yake akisali kwa Kinyakyusa. Lile lingine Twalib akalitupa pipani, akafunika, akabandika jiwe, akasoma aya zote alizokumbuka, nyingine mara mbili.

Ndani, mtoto akalidaka ziwa la kulia akanyonya kwa kelele, maziwa meupe yakimtiririka kidevuni. Twalib akalia kama yeye ndiye aliyeshiba.

"Nenda ukaoge, fundi," Bibi akacheka, akijifunga mtandio aondoke. "Unanuka mpaka babu zako wamejua."

Alipotoka kuoga, mkewe alikuwa amekaa kitandani wima, hatikisiki. Kichanga kimeshiba, kimelala kwenye mkono wake, mdomo wazi.

"Twalib," akasema kwa sauti ndogo. "Usinisogelee haraka."

"Kuna nini, mama?"

Siham akainua ncha ya kanga upande wa kushoto. Hapakuwa na kitu cha kuonekana. Lakini chuchu ilikuwa imerefuka, imebonyea pande zote, na ilikuwa bado inavutwa.