Ndege wa Damu Ukutani

"Hakuna alama ya kanisa hili nisiyoijua," Shekinah alijigamba, akizisonta ngao za mawe zilizochongwa ukutani. "Niulizeni!"

Ilikuwa Jumamosi ya Novemba 2003, zamu ya watoto kufagia. Kanisa lilikuwa la Waingereza, kuukuu, jirani na mtaa wa Thamesmead, Uingereza. Wakongo, wazazi wa watoto hawa, waliazimwa kwa ibada ya Jumapili alasiri tu, kwa sharti la kulifagia.

"Funguo mbili, yaya?" aliuliza Luc, mdogo wake; ndivyo alivyomwita dada yake.

"Za Petro. Hilo hata paka wa jirani anajua."

"Na yule ndege?"

Juu ya kiti cha Mama Annonciata, muumini mwenzao, ndege mkubwa wa kuchongwa alikuwa akijidonoa kifua, matone mekundu yakiwadondokea makinda. Shekinah hakujua. Ila kusema "sijui" kulimkwama kooni kama mwiba wa samaki.

"Ndege mchawi," alinong'ona. "Anayekaa chini yake hamalizi mwaka."

Watoto walitoka mbio. Shekinah alicheka mpaka akashika mbavu.

Jumapili kiti kile kilikuwa kitupu. Mama Annonciata alikuwa ameanguka bafuni, amelazwa. Wiki iliyofuata habari ya ndege mchawi ilikuwa imeenea; safu nzima ilihamwa, na kwaya iliimba kwa sauti za wagonjwa. Shekinah alimuuliza mwalimu wake wa dini maana ya ndege yule. Jibu alilipata, akalimeza.

Jumapili ya tatu, Papa Fortunat, baba aliyekuwa shemasi wao, aliingia na ngazi na nyundo.

"Papa, kanisa si letu!" Mama Célestine, msimamizi wa usafi, alimsihi. "Ukiivunja ngao hiyo watatufukuza. Tutasali wapi?"

"Hata barabarani, mradi tuwe hai."

Alipanda. Nyundo ikainuka.

"Papa, ngoja!" Shekinah alipiga kelele. "Huyo ni ndege aitwaye mwari! Watu wa kale waliamini anawalisha wanawe kwa damu yake mwenyewe. Ni alama ya Yesu!"

Nyundo ikashuka polepole.

"Basi habari ya uchawi ililetwa na nani?"

"Wale… watoto wadogo tu, Papa."

"Watoto wadogo?" alisema Mama Célestine. "Siku ile nilikuwa nyuma ya kinanda nikipangusa vumbi. Nilisikia sauti moja, Shekinah, na kicheko kimoja. Nikadhani ni utani, utaufuta mwenyewe."

Shekinah aliinamisha kichwa.

"Kusema 'sijui' hakuui mtu," alisema Papa Fortunat akishuka. "Uongo wa kuficha kutojua ndio uliotaka kutuvunjia nyumba ya sala. Vaa koti, mwanangu, twende hospitali. Mama Annonciata ameisikia habari hiyo, anaogopa hata kufumba macho, na atakayemweleza ukweli ni wewe."