Kilio cha Alama Thelathini

Caren ni jirani yetu hapa Kisegi, na sijawahi kumsikia akidanganya hata kuhusu kuku aliyepotea. Kwa hivyo mkitaka kubisha, mkambishie yeye. Mimi nasema alivyoniambia.

Muhula ulikuwa umefika wiki ya sita maji ya ziwa yalipoingia kwenye mabweni ya chuo chao kule Homa Bay. Wanafunzi wakarudishwa makwao, masomo yakahamia kwenye simu. Mwalimu Clifford Obare, aliyewafundisha fasihi simulizi, hakubadilisha kitu. Kila mwanafunzi alikuwa amebakisha onyesho moja: kuimba wimbo wa kilio mbele ya wenzake, alama thelathini. Darasani ulikuwa mchezo tu. Mtu analia, wenzake wanapiga makofi, wanaenda kula chapati. Sasa kila mmoja angelia kwao, ndani ya boma lao. Msomi mzima, tena mtu wa huku huku, hakufikiria hilo hata kidogo!

Caren alilelewa na nyanya yake, ambaye sisi sote tunamwita Dani. Aliposikia habari ya mtihani, Dani aliacha kuchambua mboga.

"Boma hili halina maiti," akasema. "Ukipiga nduru hapa, watakuja. Na wakikuta hakuna wa kuzikwa, watamtafuta."

"Dani, ni mtihani tu."

"Basi enda ulie sokoni."

Sokoni kelele, shambani netiweki hakuna. Ilishika mahali pamoja tu, mlangoni pa nyumba ya Dani. Na bila alama hizo Caren angerudia mwaka mzima. Basi Alhamisi, Dani alipoenda zahanati kuchukua dawa zake za presha, msichana akaegemeza simu mlangoni, akaketi na kuupa ua mgongo.

Ilikuwa saa nne asubuhi, jua limewaka vizuri. Nyuso za wenzake zikajipanga kwenye simu. Akaanza. Sauti anayo, huyo mtoto. Ubeti wa kwanza ulitoka kama alivyoukariri. Wa pili ukamshika mwenyewe, machozi yakamtoka kweli.

"Safi sana!" Mwalimu akasema. "Na hao waigizaji umewatoa wapi? Umejipanga!"

Caren akatazama kijidirisha chake kwenye simu. Nyuma yake wanawake walikuwa wanaingia uani, mikono kichwani. Wanaume walibeba matawi, kama wanavyofanya waombolezaji wa huku. Akageuka. Uani kulikuwa na kuku wawili tu. Akarudi kwenye simu. Wameongezeka. Wameketi. Wamenyamaza. Jua liliwapiga usoni na hakuna aliyepepesa macho.

Mwanamke mmoja akainama hadi sikioni mwake. Sauti ikatokea kwenye simu.

"Tumekuja kumlilia nani?"

"Jibu, Caren," Mwalimu akahimiza. "Hadhira inauliza. Kilio bila jina la marehemu nitakikata alama."

Lango likalia. Ni Dani, na mfuko wake wa dawa, amerudi mapema. Kwenye simu, vichwa vyote viligeuka kumtazama. Kwa pamoja. Kisha wakaanza kuinuka.

Caren anampenda Dani kuliko kitu chochote duniani. Hakufikiria. La, niseme ukweli kama alivyoniambia mwenyewe: alifikiria.

"Ni Mwalimu," akanong'ona. "Clifford Obare. Wa Homa Bay."

Mwalimu akacheka. "Ai! Umenimaliza!"

Ua ukabaki mtupu. Dani akapita, akauliza kama kuna chai. Lakini kwenye kijidirisha cha Mwalimu, pazia lilisogea. Mwanamke akaingia sebuleni, mikono kichwani. Kisha mwingine. Kisha matawi.

"Karibuni... jameni, nani amewafungulia?"

Picha ikaganda hapo.

Mwalimu alizikwa Jumamosi ya wiki iliyofuata. Madaktari walisema ni moyo. Caren alienda Homa Bay, akampa mkono mjane wake, Rael. Rael hakuwa na hasira. Afadhali angekuwa nayo.

"Asante kwa kututumia watu," Rael akamnong'oneza. "Walifika akiwa bado anaongea na nyinyi. Walimlilia vizuri sana. Walisema ni wewe uliwaita."

Caren akauachilia mkono wake, lakini Rael akaendelea.

"Wote wameenda, isipokuwa mama mmoja. Amekaa hapo tangu siku hiyo. Anasema anakungoja, mtarudi pamoja Kisegi. Anauliza sana kuhusu nyanyako, kama bado yuko."

Akaonyesha kiti cha pembeni kwa kidevu. Hakikuwa na mtu. Mto wake ulikuwa umebonyea katikati. Caren akiwa anautazama, mto ukainuka taratibu, kama mtu amesimama.