Aliyemwagilia Okidi

Jumanne asubuhi Bi Mkasi alikuta okidi zake zimelowa.

Alisimama mlangoni mwa chumba cha nyuma, kikombe cha chai mkononi, akadhani macho yanamchezea. Vyungu thelathini na kimoja juu ya meza ndefu chini ya dirisha, na vyote vinachuruzika. Yeye siku yake ya kumwagilia ilikuwa Jumamosi, basi. Miaka ishirini kwenye kitalu cha maua ilikuwa imemfundisha kwamba okidi si mchicha. Mizizi yake haitaki udongo. Inataka vipande vya magome ya mti na hewa ya kupita katikati. Ikishikwa na kiu hugeuka rangi ya fedha, ikishakunywa huwa kijani. Ukiinywesha kwa lazima huoza kimyakimya huko chini, na majani bado yanakuchekea.

Jina la Bi Mkasi alipewa kwa sababu mkasi haukutoka mfukoni mwa aproni yake. Wengine walisema ni kwa sababu ya ulimi.

"Nani kamwagilia maua yangu?" aliuliza sebuleni.

Mumewe, fundi saa, hakuinua kichwa. "Mimi? Niguse maua yako nikatwe vidole, saa za watu nitengeneze na nini?" Alicheka, kicheko kikaishia kwenye kikohozi.

Wifi yake, dada wa fundi saa aliyekuwa akiishi nao, aliapa kwamba chumba kile hata mlango wake haujui.

Jumatano ikawa vilevile. Usiku huo Bi Mkasi akafunga mlango, akalala na ufunguo shingoni. Alhamisi alipofungua, maji yalikuwa yameshuka mezani mpaka sakafuni, na harufu ikamkumba puani, harufu ya maji ya zamani, yaliyokaa gizani pasipo kuguswa na mtu. Alichomoa okidi moja chunguni. Mizizi yake ilikuwa ya kahawia. Alibonyeza mmoja kwa vidole, ganda likateleza lote, ukabaki uzi mwembamba kama wa kushonea.

Siku hiyohiyo fundi saa alishindwa kupanda ngazi. Daktari alisikiliza kifua chake, akasema mapafu yameingia maji. Wakayatoa kwa sindano. Asubuhi ya Ijumaa yalikuwa yamejaa tena, na daktari mwenyewe akabaki anakuna kidevu.

Hapo Bi Mkasi akaunganisha moja na moja. Saa saba mchana, saa ambayo wazee husema majini hutembea, wifi akiwa amejilaza na mgonjwa amesinzia, alijibanza nyuma ya kabati la chumba cha nyuma, akangoja.

Kwanza alisikia tone. Kisha la pili. Halafu kopo la kumwagilia, lililokuwa tupu, likainuka lenyewe kutoka sakafuni, likaelea taratibu mpaka juu ya chungu cha kwanza, na pale lilipoinama ndipo akaona kilicholishika: vidole virefu vya rangi ya fedha, visivyo na kucha wala viungo, vinavyojikunja na kujikunjua kama mizizi inayotafuta pa kushika, vikitoka kwenye mkono, na mkono ukitoka kwenye chungu cha mwisho kabisa, chungu cha thelathini na moja, na maji yakimiminika bila kukoma kutoka kwenye kopo lisilo na maji, na kila chungu kilipojaa, kule chumbani fundi saa alikohoa mara moja, kana kwamba ni yeye anayejazwa.

Miguu yake ilitaka kukimbia, ikakosa ruhusa.

"Wewe!" alisema. Sauti ilimtoka ndogo kuliko alivyotaka. "Hiyo si siku ya maji."

Mkono ukatulia. Kopo likaanguka.

"Nilikuwa na kisima," sauti ilisema kutoka chunguni, laini, yenye mapovu. "Wakakifukia. Sasa nina chumba. Na kifua ninacho."

Okidi ile ya mwisho aliletewa na mumewe wiki mbili zilizopita. Alikuwa ameitwa kushusha saa ya ukutani kwenye nyumba iliyohamwa, akaikuta okidi hiyo imeng'ang'ania nguzo ya kisima kilichofukiwa uani. Akaibandua ili amfurahishe mkewe.

Wifi ndiye aliyemleta mganga kesho yake asubuhi. Alikuwa mzee nadhifu mwenye chetezo na mkoba. Alizunguka meza, akanusa, akainamia chungu kile na kunong'ona nacho kwa muda. Aliporudi mlangoni uso ulikuwa umemshuka.

"Ni jini wa maji, tena mkongwe," alisema kwa sauti ya chini. "Hataki vita. Mwachieni chumba hiki na maua yote, mumwekee beseni la maji kila siku. Yeye atamwachia mgonjwa."

"Mwachie, wifi," dada mtu alinong'ona, machozi yakimlengalenga. "Chumba kimoja tu. Kaka yangu anazama akiwa kitandani!"

Bi Mkasi alitazama vyungu vyake. "Leo nimwachie chumba. Kesho atataka jiko. Keshokutwa wewe. Mzee, wewe huwezi kumtoa?"

Mganga alijaribu, haki yake apewe. Aliwasha ubani, akaanza kusoma. Moshi ulipanda shibri moja, kisha chetezo kikajaa maji mpaka pomoni, makaa yakazima kwa mlio kama wa mtu anayesonya. Mzee wa watu aliondoka bila mkoba na bila kiatu cha kushoto.

Walibaki wawili, na kikohozi cha mgonjwa kikipenya ukutani.

"Haya," alisema Bi Mkasi. "Tutaona nani mwenye nyumba."

Akakishika chungu cha thelathini na moja ili akipindue juu ya gazeti. Hakikuinuka. Mizizi ya okidi ilikuwa imepita kwenye tundu la chini, imetoboa ubao wa meza, imeshuka kwa mguu wa meza, imeingia kwenye ufa wa ukuta. Alikwenda chumbani kwake, akapiga magoti, akachungulia chini ya kitanda. Ilikuwepo, minene, imetokea ukutani na kupenya godoro mahali penye mgongo wa mumewe.

Alitoa mkasi, akaupitisha kwenye moto wa kiberiti kama alivyofanya siku zote kabla ya kukata. Akashika mzizi wa kwanza.

"Mke wangu, niache!" Fundi saa alilia kutoka kitandani. "Unanikata mimi! Ni mshipa wangu huo!"

Wifi alipiga yowe. "Utamuua! Acha, utamuua!"

Na sauti ikaendelea kumsihi, ikamwita kwa jina la faragha ambalo hata wifi hakulijua, ikamkumbusha siku ya harusi yao na mvua iliyonyesha, ikamlilia kama mtoto, na kwa kitambo kidogo Bi Mkasi alikuwa radhi kuacha kila kitu, chumba, maua, nyumba nzima, alimradi sauti ile inyamaze.

Kisha akafanya alichokijua. Akaubonyeza mzizi kwa vidole viwili. Kitu kizima ni kigumu, hukataa. Huu ulibonyea, ganda likateleza, maji meusi yakamchuruzikia mkononi.

"Huyu si mume wangu," alimwambia wifi. "Umeoza huu. Mshike kaka yako mabega."

Akakata. Mmoja baada ya mwingine, kila mmoja akiubonyeza kwanza, na kila mmoja uliokatika ulimwaga maji na sauti pamoja. Ulipokatika wa mwisho fundi saa alijiinua, akatapika ndoo nzima ya maji yenye majani makavu, akavuta pumzi ndefu.

"Tuichome hii laana," wifi alisema, akinyoosha kidole kwenye okidi iliyobaki na mizizi mitatu tu.

"Ua lina kosa gani? Nalo lilizamishwa." Bi Mkasi akaipaka mikato unga wa mdalasini ili isioze, akaipanda okidi kwenye magome mapya makavu, na nyingine zote akazifanyia vivyo hivyo. Kumi na mbili hazikupona. Akafungua dirisha.

"Sasa utafunga saumu," alimwambia jini aliyebaki chunguni. "Humu chumbani hakuna tone kwa siku saba."

Jini alisihi kwa siku sita. Alilia kwenye mabomba, alitoa jasho kwenye kuta, alibisha mlango kwa vidole vyororo. Kila asubuhi Bi Mkasi aliingia na kitambaa kikavu, akapangusa, akasema, "Bado."

Siku ya saba waliamka wakakuta mizizi mitatu imekuwa rangi ya fedha, ncha zake zikiwa na kijani kibichi kama jicho la mchipuko. Sakafuni palikuwa na nyayo zilizolowa, ndefu, zisizo na vidole. Zilianzia mezani, zikapita sebuleni, zikatoka nje.

Fundi saa, aliyekuwa ameanza kula vizuri, alizitazama akaangua kicheko kisicho na kikohozi. "Umemfukuza jini kwa kiu, mwanamke wewe!"

Bi Mkasi hakucheka. Alizifuata nyayo mpaka barazani. Zilivuka barabara, zikielekea kwenye nyumba ya jirani mshonaji, zikapanda ngazi zake tatu. Hazikurudi. Ndani, mtoto mchanga wa mshonaji alianza kukohoa.

"Rudi ndani!" wifi alinong'ona, akimvuta kwa nguo. "Kashatoka kwetu. Ya watu tuwaachie wenyewe."

Bi Mkasi alijinasua, akavuka barabara huku jua la asubuhi likimpiga usoni, akaupiga ule mlango kwa ngumi.

"Jirani, fungua!" alisema. "Na nionyeshe kila chungu ulicho nacho humo ndani."